Hodi ya Herufi Kumi na Mbili

Msikilizaji wangu, habari za jioni. Najua hapo ulipo umejibu "nzuri," hata kama umeme umekatika na redio unaisikiliza kwa betri. Likumbuke jibu lako hilo, tutalirudia.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kunijulia hali. Kijana wa miaka 26, fundi wa viyoyozi, mstaarabu, akikaa na watu anazungumza hadi chai inapoa. Shikamoo imekwisha, marahaba imekwisha, akasogeza kiti karibu. "Mjomba," akasema, "wewe kazi yako maneno. Nisaidie neno moja tu." Akatoa simu. Kumbe amejiunga na mojawapo ya hizi programu za kutafuta wachumba, zile ambazo picha za watu zinapita mbele yako kama karata: ukimpenda mtu unatelezesha kidole kulia, usipompenda kushoto, na yeye akikupenda pia mnafunguliwa njia ya kuandikiana. Wasichana watano walikuwa wamempenda kama alivyowapenda. Akawaandikia wote watano. Siku ya nne hiyo, na wote watano kimya.

"Uliwaandikia nini?"

Akaona haya. Akanigeuzia simu nisome mwenyewe: "Mambo mrembo."

Nikahesabu herufi kwa ncha ya kidole, na ile nafasi ya katikati nikaihesabu pia. Kumi na mbili. Nikacheka, na maskini akadhani namcheka yeye.

Kilichonichekesha ni hiki. Mwaka 2016 Gareth Tyson wa Queen Mary University of London, pamoja na wenzake, walitoa utafiti kuhusu Tinder, mojawapo ya programu hizo za karata. Walitengeneza kurasa 14 za watu wasiokuwapo, wakaziweka London na New York, wakawa wanampenda kila aliyetokea bila kuchagua, halafu wakakaa kuhesabu nani atawapenda na atawaandikia nini. Ukizipanga meseji za wanaume kuanzia fupi mpaka ndefu, ile iliyoangukia katikati kabisa ilikuwa na herufi 12. Ya wanawake ilikuwa na herufi 122. Robo ya meseji za wanaume hazikufika hata herufi sita. Kwa hiyo mpwa wangu, ambaye hajawahi kuvuka Chalinze kwa upande mmoja wala Kigamboni kwa upande wa pili, alikuwa ndiye mwanamume wa katikati kabisa wa London na New York.

Nilimweleza. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

Sasa, ufupi peke yake si kosa. Wako waliolichimba jambo hili kabla ya Tinder kuzaliwa. Mwaka 2004 vijana wanne waliosoma hesabu Harvard walianzisha OkCupid, tovuti ya Kimarekani ya kutafuta wapenzi, na kwa kuwa ni watu wa hesabu hawakuweza kukaa na meseji za mamilioni ya watu bila kuzihesabu. Mmoja wao, Christian Rudder, ndiye aliyekuwa akiandika matokeo. Mwaka 2009 walichukua meseji za kwanza zaidi ya 500,000, wakaipa kompyuta izipitie neno kwa neno, na kila neno likaulizwa swali moja tu: meseji iliyokubeba ilijibiwa au haikujibiwa?

Kwa wastani zilijibiwa 32 katika kila 100. Tulia hapo kidogo kabla hatujaenda kwenye maneno yenyewe. Hao ni watu waliojiandikisha kwa hiari yao, wametoa picha, wanatafuta mwenzi, na bado meseji 68 katika 100 zilizama. Kimya ndiyo hali ya kawaida ya kule. Jibu ndilo la kushangaza.

Halafu maneno. Yaliyoua meseji kuliko yote ni yale ya kukatakata, ya watu wanaoandika "u" na "ur" kwa Kiingereza, ndugu zao wale wa kwetu wanaoandika "xaxa vp" na "cjui" kana kwamba irabu zinauzwa. Lakini kicheko kiliruhusiwa: meseji zenye "haha" zilijibiwa 45 katika 100, zenye "lol" 41. Kusifia umbo kulishusha majibu. Mrembo, mzuri, unavutia, yote hayo yalishusha. Kusifia kitu kingine, kumwambia mtu kwamba jambo fulani lake linasisimua au linapendeza, kulipandisha. Majibu yakapandishwa pia na maneno yanayoonyesha kwamba mwandishi amesoma: umetaja kwamba, nimeona kwamba, nina hamu ya kujua. Na wanaume walioandika kwa unyenyekevu, wenye "samahani" na "labda" ndani yake, walijibiwa zaidi kuliko wenye kujitapa.

Salamu ndizo zilizonishangaza. Zile tatu zinazotumika kuliko zote kwa Kiingereza, "hi," "hey" na "hello," zilikuwa mwanzo mbaya. Kuanza bila salamu yoyote kulipata majibu 27 katika 100, na hata hiyo ilikuwa afadhali kuliko kuanza na "hi."

Hapo mpwa wangu akaruka. "Kwa hiyo nisisalimie?"

La hasha. Hao ni Wamarekani. Sisi mtu akiingia dukani akasema "nipe chumvi" bila kusalimia, muuzaji atampa chumvi na jina la ukoo wake litasemwa mpaka jioni. Ila nikamwambia aiangalie salamu yetu inavyofanya kazi. Hujambo? Sijambo. Shikamoo? Marahaba. Mambo? Poa. Habari za jioni? Nzuri. Kila salamu ya Kiswahili inazaliwa na jibu lake mkononi, kama kufuli na ufunguo wake, na ndiyo maana mgonjwa aliye kitandani ukimuuliza habari anakuambia "nzuri," kisha ndipo anaongeza "ila." Mazungumzo yote yako kwenye hiyo "ila." Ana kwa ana tunaifikia kwa sababu tumekaa, tunatazamana, mmoja atasema jambo lingine. Kwenye simu "mambo" inaita "poa," na baada ya "poa" hakuna njia. Msichana anayepokea "mambo" anajua kabisa kwamba akijibu, mzigo wa kutafuta la kusema unarudi kwake. Basi anauacha mzigo chini.

Hapa studio tuna dada tunayefanya naye kazi, naye yumo kwenye programu hizo, nikamuuliza. Akaniambia neno "mrembo" halimkasirishi, linamchosha. "Kaka, picha yangu ya kwanza ni ya paka," akasema. "Mtu akiniandikia mrembo najua hajafika hata ya pili."

Mimi nimekulia kwenye nyumba za baraza na mlango wa mbao, na kila nikifikiria mambo haya narudi kwenye hodi. Mtu anafika, anapaza sauti: hodi! Wa ndani anauliza: nani? Na asilimia kubwa ya Waswahili, msikilizaji nawe umo, tunajibu: mimi. Mimi! Jibu la ajabu kabisa, maana kila mtu ni mimi. Linafaa kwa sababu moja tu, kwamba wa ndani anaijua sauti. Anakwambia karibu kabla hujamaliza. Sasa toa sauti. Weka mgeni asiyejulikana nyuma ya mlango wa kioo cha simu, naye anasema "mimi." Ndiyo "mambo mrembo" hiyo. Ukiyatazama matokeo ya OkCupid kwa jicho hili, maneno yaliyopata majibu ni yale yaliyojibu maswali mawili ya mwenye nyumba: nani mwenzangu, na umefuata nini hapa kwangu mimi, si kwa jirani?

Lakini kabla hujakimbia kuandika, nitaje kosa ambalo watu wa vipimo hulifanya, na Rudder na wenzake hawakuwa mbali nalo. Walihesabu yaliyotokea, hawakupanga jaribio. Tuseme "samahani" inapata majibu zaidi. Je, ni neno lenyewe, au ni kwamba mwanamume wa kusema samahani ndiye pia aliyesoma ukurasa wa msichana hadi mwisho, ndiye pia asiyewarukia wale wanaogombewa na mji mzima? Neno na mtu wake wamekuja pamoja, huwezi kuwatenganisha kwa kuhesabu tu. Ukitaka kujua kweli, andika meseji mbili, na kwa kila msichana rusha sarafu. Ikiangukia kichwa, tuma ya kwanza. Upande wa pili, tuma ya pili. Wewe usichague. Ukichagua tu, umekwisha kuchafua maji.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha fanya jaribio lake la watu watano na kutoa hukumu: yeye hana bahati. Nikachukua kalamu. Tuchukue ile 32 ya Wamarekani, kwa mfano tu. Kila meseji ina nafasi 68 katika 100 ya kunyamaziwa. Meseji tano mfululizo zote zinyamaziwe, unazidisha hiyo sehemu yenyewe kwa yenyewe mara tano, inabaki 14 na kitu katika 100. Yaani wakiwa vijana saba, wote wana meseji ya kawaida isiyo na kasoro, kila mmoja akabisha milango mitano, kwa wastani mmoja wao atarudi nyumbani hajaambiwa karibu hata mara moja. Si mkosi, wala si sura yake. Ni hesabu.

Na upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo ni mchungu zaidi kwa wale wanaouza siri za meseji isiyoshindwa. Tuseme una meseji mpya inayojibiwa 40 katika 100, na ya zamani inajibiwa 32. Tofauti hiyo ni kubwa, mfanyabiashara angeifurahia. Ili uione kwa uhakika wa kuridhisha, usidanganywe na bahati, unahitaji kutuma kila moja kwa watu kama 560. Watu zaidi ya 1,100 kwa jumla. Mpwa wangu hana wasichana 1,100 wa kuwafanyia majaribio, na angekuwa nao, dada yangu angeniitia kikao cha ukoo.

Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kupima. Wenye kampuni ndio wanaoweza, na wakati mwingine wanapima bila kukuambia. Mwaka 2014 OkCupid walitangaza wazi kwamba walikuwa wamechukua watu ambao hesabu zao ziliwaona wanapatana kwa asilimia 30 tu, wakawaonyesha kwamba wanapatana kwa 90. Palizuka zogo kubwa, na mimi niko pamoja na waliokasirika. Hata hivyo walichokiona kinahusu mada yetu. Walipoambiwa ukweli, meseji 10 katika 100 za watu wa aina hiyo ndizo zilizogeuka kuwa mazungumzo. Walipodanganywa kwamba wanafanana, 17. Pande zote mbili ni watu wa aina ile ile, wasiopatana. Kilichobadilika ni imani aliyokuja nayo mtu mlangoni. Bibi yangu hakujua asilimia, lakini alijua kwa nini mshenga alikuwa akitangulia wiki nzima kusema vizuri kuhusu kijana kabla kijana hajafungua kinywa.

Nimetaja mshenga, basi niseme jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu. Mwaka huo huo wa 2014 Rudder alitoa kitabu, Dataclysm, na ndani yake akaeleza walivyogundua watu wanaoandika meseji moja na kuibandika kwa kila mtu. Mbinu ilikuwa rahisi: walilinganisha herufi zilizomo kwenye meseji na mara ambazo vidole viligonga vitufe. Meseji ndefu, vitufe vichache, huyo kanakili. Mmoja alikuwa ameandika maelezo mazuri kuhusu uvutaji sigara na safari yake ya kubeba begi mgongoni, ungeapa anazungumza na mtu mmoja, kumbe ameyapeleka kwa wanawake 42. Na meseji hizo za kunakili zilifanya kazi kiasi cha robo tatu ya zile zilizoandikwa upya kila mara. Ukipima jasho kwa mavuno, mnakili anashinda.

Dada wa studio aliposikia hilo alisema, "Washenzi." Mimi sikuwa na haraka ya kutukana. Wangapi kati yetu wameona barua ya posa? Kuanzia salamu mpaka sahihi, hufanana na mwenziwe kama punje za mchele. Familia ya kijana imekopi kwa jirani, jirani alikopi kwa mjomba wake, anatafutwa mwenye mwandiko mzuri, majina yanabadilishwa, inafungwa kwenye kitambaa pamoja na noti kadhaa, inapelekwa. Hakuna mzazi wa msichana aliyewahi kuirudisha kwa sababu si ya kubuni. Hata kwenye barua za mapenzi za bwenini, kila mmoja wetu alianza kwa matumaini kwamba mpokeaji ni mzima wa afya, na kila mmoja wetu alikuwa na dhumuni la waraka. Hodi haijawahi kuwa mali ya mtu. Tofauti ni kwamba barua ya posa inakwenda nyumba moja. Ikienda nyumba 42 kwa wakati mmoja, hiyo si posa tena, na tapeli anayekuomba nauli siku ya tatu naye anafanya kazi kwa kunakili hivyo hivyo. Nimekubali, dada: washenzi kiasi.

Tusiwasahau walio ndani ya nyumba. Mwaka 2018 Elizabeth Bruch na Mark Newman, wote wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichapisha uchunguzi wa mwezi mmoja wa meseji katika miji minne ya Marekani: New York, Boston, Chicago na Seattle. Aliyeandikiwa kuliko wote alikuwa mwanamke wa miaka 30 anayeishi New York. Meseji 1,504 kwa mwezi mmoja. Gawanya mwenyewe: ni kama hodi moja kila nusu saa, usiku na mchana, anapolala, anapooga, anapokuwa kazini. Utamlaumu vipi kwa kutojibu? Waliona pia kwamba wengi huwaandikia watu wanaotafutwa zaidi kuliko wao, kwa kiasi cha robo hivi, na kwamba wakimwandikia mtu anayegombewa huandika marefu zaidi. Urefu huo ulisaidia wapi? Kwa wanaume, Seattle tu. Kwingine walichosha vidole bure.

Bumble, programu nyingine ya wachumba iliyoanza mwaka 2014, ilijaribu kulimaliza tatizo hili kwa amri: kati ya mwanamume na mwanamke waliopendana, mwanamke ndiye aanze kuandika. Miaka kumi baadaye ikalegeza, mwanamke akaruhusiwa kuweka swali moja tayari ili kila aliyekubaliana naye alijibu. Nimelipenda hilo. Mwenye nyumba amebandika swali lake mlangoni, na anayesema "mimi" anajulikana papo hapo.

Basi turudi kwa mpwa wangu na simu yake. Nikamwambia awaache wale watano kwanza. Hodi ni tatu, wazee wa pwani wametufundisha, na baada ya ya tatu mtu anaondoka kwa heshima, hachungulii dirishani. Lakini yeye alikuwa amebisha mara moja tu kwa kila mmoja, na vibaya. Anayo ya pili. Tukafungua ukurasa wa mmoja wao, tukausoma wote wawili, mimi nimevaa miwani. Alikuwa amepiga picha ufukweni Bagamoyo, amesimama kando ya chombo cha mbao, mkono mmoja ameuweka juu yake kama mtu aliyeshika bega la ndugu. Hakuandika chochote kuhusu picha ile.

"Muulize habari ya chombo," nikasema.

Akaandika, akafuta, akaandika. Mwisho alituma hivi: "Habari. Samahani, naona umesimama na ngalawa kama mwenyewe. Ni ya nyumbani, au ulipita tu ukapiga picha?"

Tukaendelea na chai. Simu ikalia kabla kikombe hakijaisha, na mpwa wangu akaisoma kwa sauti, uso umemshuka:

"Hiyo si ngalawa. Ngalawa ina matengo. Hiyo ni mashua, ya babu."

"Mjomba, nimeharibu," akasema.

Nikamwomba simu niisome tena mwenyewe. Kwenye neno "babu" alikuwa ameweka kialama cha kucheka. Nikamrudishia simu, nikamwuliza kama anajua matengo ni nini. Hajui.

"Basi muulize huyo," nikamwambia. "Mimi ninakwenda msikitini."